Kutulia Katikati ya Siku: Mwongozo wa Kuanzia Mwilini

Mtu aliyejaa wasiwasi ukimwambia "tulia", hatulii. Pengine atazidi kupanda, maana sasa ana mizigo miwili: lile linalomsumbua, na hii amri ya kutulia asiyojua pa kuishika. Wengi wetu hujipa amri hiyohiyo kimoyomoyo. Tunakaa, tunafumba macho, tunajaribu kuyafukuza mawazo. Mawazo yanarudi kwa fujo, na baada ya siku chache tunaamua kwamba mambo haya yana wenyewe.

Naamini tatizo liko pale tunapoanzia. Kukaa kimya na kuitazama akili yako ni sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo tunayoambiwa tuanze nayo. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha majaribio ambayo watu waliachwa peke yao chumbani kwa dakika 6 hadi 15, bila simu wala kitabu, wakae na mawazo yao tu. Wengi hawakufurahia. Katika jaribio moja waliwekewa kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, shoti ambayo walikwisha kuionja na kusema wangekuwa tayari kutoa pesa wasiipate tena. Ndani ya dakika 15, wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24. Kwa hiyo ukishindwa kukaa na akili yako, huna kasoro yoyote. Uko na wenzako wengi.

Mwongozo huu unakwenda kutoka kwenye wepesi hadi kwenye ugumu: pumzi kwanza, kisha usingizi na mapumziko, kisha kutoka nje, kisha kazi za kila siku, na kukaa kimya mwisho kabisa. Kila hatua ipe wiki moja hivi kabla ya kuongeza inayofuata, na ile ya nyuma usiiache. Tafadhali usiruke hatua ya pili kwa kuwa inaonekana ya kawaida mno. Kwa watu wengi ndiyo yenye dawa.

Hatua ya kwanza: shusha pumzi

Unapotishika, tezi mbili zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, misuli ya shingo na taya inakaza, pumzi inapanda kifuani na kuwa fupi. Baadaye kidogo inafuata kortisoli, homoni inayouweka mwili katika tahadhari kwa muda mrefu zaidi. Mpango huu ni mzuri sana ukikimbizwa na mnyama. Shida ni kwamba unawashwa pia na ujumbe mkali kwenye simu, na foleni, na deni, na hayo hayaishi kwa kukimbia.

Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, wala kuziambia tezi zifunge. Katika kundi hilo lote, pumzi ndiyo inayojiendesha yenyewe na papo hapo ikakubali kuongozwa. Kila ukivuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, na kila ukiitoa hupungua, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Ukirefusha kutoa pumzi, unaupa moyo nafasi ndefu zaidi ya kupungua kasi. Hapo ndipo pa kuishika ile amri ya kutulia.

Fanya hivi. Kaa au simama wima bila kujikaza. Weka kiganja kimoja juu kidogo ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moyoni hadi 4, uone tumbo linavyokisukuma kiganja nje; mabega yabaki chini. Kisha toa kwa midomo iliyobana kidogo, kama mtu anayepoza kinywaji cha moto, ukihesabu hadi 6. Mzunguko huo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20. Dakika mbili zinatosha kuhisi tofauti. Dakika tano ni nzuri zaidi.

Kuna namna ya pili, ya haraka, ambayo mwili unaijua bila kufundishwa. Mtazame mtoto aliyelia sana anapoanza kunyamaza: anavuta pumzi, anaongeza nyingine fupi juu yake, kisha anaishusha yote kwa mkupuo mrefu. Ile pumzi ya pili husaidia kufungua vifuko vidogo vya hewa mapafuni vilivyokuwa vimenywea. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya jaribio la mwezi mmoja ambapo watu walifanya zoezi la dakika 5 kila siku. Waliofanya zoezi hili la kushusha pumzi waliripoti kupata hisia nzuri zaidi kuliko waliofanya tafakuri ya kimya, na kasi yao ya kupumua ilipungua zaidi. Vuta kwa pua, ongeza kidogo, shusha taratibu hadi iishe. Mara tatu tu, unapokaribia kujibu ujumbe uliokuudhi.

Ukihisi kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno. Acha, pumua kawaida, kisha rudi kwa upole. Na wapo watu ambao kuifuatilia pumzi kunawaongezea hofu, hasa wenye pumu au waliowahi kupatwa na mshituko wa ghafla wa woga. Kama ni wewe, usijilazimishe. Badala ya pumzi, peleka akili kwenye nyayo zako: uzito wake sakafuni, ubaridi au joto la sakafu, vidole vilivyobanwa na kiatu. Kazi ni ileile.

Zoezi hili usilitafutie muda wake maalumu, maana hutaupata. Lifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: kabla ya kushika kitasa cha mlango ukirudi nyumbani, ukisubiri maji yachemke, gari likisimama kwenye taa nyekundu. Chagua moja tu kwanza.

Hatua ya pili: lala

Nasikitika kila nikiona mtu anahangaika na mazoezi ya utulivu huku usingizi wake ni wa saa tano tu kila usiku. Ubongo usiolala vya kutosha huyapokea mambo madogo kwa ukali. Ile sehemu yake inayogundua hatari, amigdala, huwa nyepesi kushtuka, na sehemu ya mbele inayoizuia huwa dhaifu. Neno ambalo jana lingepita tu, leo linakuwa ugomvi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku, na hakuna zoezi la pumzi litakalozifidia.

Anza na saa ya kuamka, kwa sababu hiyo unaweza kuiamua. Saa ya kushikwa na usingizi huwezi. Ipange iwe ileile siku zote, hata siku ya mapumziko, ikipishana isizidi saa moja. Ukishaamka, toka nje upate mwanga mapema uwezavyo. Katikati ya ubongo, juu ya pale neva za macho zinapokutana, kuna kundi dogo la seli linalopanga saa ya mwili mzima, nalo hujirekebisha kwa mwanga wa jua. Mwanga wa asubuhi ndio unaopanga usingizi wa usiku unaofuata. Hata anga la mawingu lina mwanga mwingi kuliko taa za ndani.

Kahawa haina ubaya, ila iangalie saa. Kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua hadi nusu mwilini, ingawa watu hutofautiana. Kikombe ulichokunywa saa kumi jioni, nusu ya kafeini yake bado inazunguka saa tatu usiku. Jiwekee mwisho saa sita au saa saba mchana uone. Pombe nayo hukupa usingizi wa haraka halafu ikaukatakata usiku wa manane, kwa hiyo kama unaitegemea ulale, ndiyo inayokuamsha.

Simu ilale nje ya chumba. Najua hili ndilo litakalopingwa kwanza, na pingamizi lenyewe huwa ni alamu. Nunua saa ya mezani yenye kengele. Simu iliyo mkononi kitandani inakuletea mwanga wakati mwili unaanza kutoa melatonini, homoni ya usingizi, na inakuletea habari ambazo saa hiyo huna la kuzifanyia.

Kama kinachokukesha ni orodha ya mambo ya kesho, iandike. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor walichapisha jaribio la vijana 57 waliolala maabara. Nusu waliandika kwa dakika 5 mambo wanayopaswa kuyafanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema zaidi, kwa takribani dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo bayana ndivyo ilivyosaidia. Usiandike "kazi". Andika "kumpigia fundi kuhusu bomba, saa nne asubuhi".

Kisha legeza misuli. Njia hii ilibuniwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, mwanzoni mwa karne ya 20, na bado inafundishwa. Ukiwa umelala chali:

1. Kunja vidole vya miguu kwa nguvu, hesabu hadi 5, kisha achia ghafla. Subiri pumzi mbili uhisi tofauti.
2. Panda kwenye mapaja na makalio: kaza, hesabu, achia.
3. Tumbo. Kisha mikono, ukifumba ngumi.
4. Pandisha mabega hadi karibu na masikio, yaachie yaanguke.
5. Uma meno kidogo, kunja uso mzima, achia. Ulimi ulale chini mdomoni.

Usiharakie kukaza. Kinachofundishwa hapa ni kule kuachia, na wengi wetu hatujui kwamba taya lilikuwa limebana hadi tulipoliachia. Ukikaa macho kwa muda unaokadiria kuwa dakika 20, usibaki ukijigeuzageuza. Ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu, fanya jambo lisilo na msisimko, urudi usingizi ukija. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa kuhangaikia.

Hatua ya tatu: pumziko la mchana

Hii ni fupi. Kutoka kwenye skrini ya kazi kwenda kwenye skrini ya simu si kupumzika. Macho ni yaleyale, shingo ni ileile, na akili inaendelea kupokea. Kila baada ya saa moja na nusu hivi, simama dakika tano bila kitu mkononi. Nyosha mgongo, tazama mbali. Ukiweza kulala mchana, lala dakika 10 hadi 20, kabla ya saa tisa alasiri, ukiwa umetega kengele. Ukizidisha unaingia usingizi mzito, na ukiamshwa humo unaamka na kichwa kizito kuliko ulivyolala. Usijione mvivu.

Hatua ya nne: toka nje

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu nje kazi kubwa unafanyiwa. Rachel na Stephen Kaplan, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza mwaka 1989 kwamba kuna uangalifu wa aina mbili. Mmoja ni ule wa kujilazimisha: kusoma mkataba, kuendesha gari kwenye msongamano, kusikiliza kikao. Huo huchoka, na ukichoka tunakuwa na hasira za karibu. Mwingine hauhitaji nguvu: mawingu yanayopita, maji yanayotiririka, majani yanayochezacheza kwenye upepo. Vitu hivi vinashika macho bila kuyakaba, na wakati huo ule uangalifu wa kwanza unapata kujikusanya upya. Ndiyo maana unaweza kurudi kutoka kutembea na jibu la jambo ambalo mezani lilikushinda.

Mtafiti Roger Ulrich aliangalia kumbukumbu za wagonjwa 46 wa hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo kati ya 1972 na 1981. Nusu walikuwa na dirisha linalotazama miti, nusu linalotazama ukuta wa matofali. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1984, wenye miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Walikuwa wamelala tu, hawakufanya zoezi lolote.

Huko Japani, mwaka 1982, idara ya misitu ya serikali ilianza kuhimiza watu waende msituni kwa ajili ya afya, na kuuita mwendo huo shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Haina maji wala mazoezi. Unatembea polepole, unasimama, unanusa, unagusa. Na utafiti wa karibu watu 20,000 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walikuwa wepesi zaidi kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha yao, kuliko wasiotoka kabisa. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za mkupuo mmoja au za vipandevipande. Ni kweli kwamba mwenye afya njema naye hutoka zaidi, kwa hiyo utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema miti ndiyo iliyofanya kazi yote. Lakini dakika 120 ni lengo zuri la kuanzia: dakika 17 au 18 kwa siku.

Si lazima msitu. Tafuta mti mmoja ulio karibu na unapopita kila siku, uufanye wako. Simama mbele yake bila spika za masikioni. Anza na gome: liangalie kwa karibu kiasi cha kuona nyufa zake, ukungu wa kijivu au kijani ulioshika upande mmoja, sisimizi wanaopanda kwenye ufa uleule na wanaoshuka, wanavyogusana vipapasio wakikutana. Weka kiganja uone upande wa jua una joto gani na wa kivuli una ubaridi gani. Tafuta jani lililoliwa ukingoni, uligeuze. Mara nyingi chini ndiko walikojificha walaji. Kisha inua macho polepole kufuata shina hadi tawi, hadi pale tawi linapogawanyika, hadi kwenye vipande vya anga kati ya majani. Hapo dakika tano zimekwisha, na huenda hukukumbuka simu hata mara moja.

Siku nyingine fanya kwa masikio tu. Simama, sikiliza sauti ya mbali kuliko zote unayoweza kuipata, kisha ya karibu zaidi, kisha zile za katikati. Magari yakiwemo, yawemo, huchagui, unapokea. Mvua ikinyesha, sikiliza inavyopiga tofauti kwenye bati, kwenye majani, kwenye udongo.

Kama unaishi ghorofani, au huna usalama wa kutembea peke yako, au mwili hauruhusu, sogeza kiti dirishani. Anga ni mazingira ya asili, na halina mwenyewe. Mche mmoja kwenye kopo, unaomwagiliwa kila asubuhi na kukaguliwa kama umeongeza jani, unatosha kuwa mahali pa kuanzia. Ukienda kutembea kwenye kijani kingi zaidi siku ya mapumziko, usigeuze safari kuwa kazi ya kupiga picha. Piga moja, rudisha simu mfukoni.

Hatua ya tano: chagua kazi moja ya kila siku

Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu wazima 2,250, kupitia simu zao na katika nyakati za kubahatisha, wanafanya nini, wanafikiria nini na wanajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo akili ilikuwa mahali pengine, si kwenye kinachofanywa, na furaha ya watu ilikuwa pungufu akili ilipokuwa imezurura. Uzingativu ni kinyume cha hali hiyo: akili iwe mahali ulipo mwili, bila kuhukumu kinachoonekana.

Wapo wanaosita wakidhani wanaingizwa kwenye dini nyingine. Ni kweli mazoezi haya yamekaa karne nyingi kwa watawa wa Kibudha. Lakini namna inayofundishwa hospitalini leo ilianzia kwa Jon Kabat-Zinn, mwaka 1979, katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts. Aliandaa kozi, ambayo leo huchukua wiki 8, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambao tiba ya kawaida ilikuwa imefika mwisho kwao, na akaacha kando ibada na imani. Kutazama pumzi yako hakukuondoi kwenye imani yako. Na anayesali kwa moyo uliotulia tayari anaijua nusu ya somo hili.

Chukua kazi moja ambayo mikono inaiweza bila kufikiri. Kuosha vyombo ni nzuri sana. Fungua maji, uhisi yanapogusa mkono: ni ya baridi au vuguvugu, yanakwenda wapi kwenye kifundo. Tazama povu linavyoganda pembeni ya sahani na kuachia likisukumwa na maji. Sikia sauti ya kijiko kikigonga bakuli, tofauti na kikombe kikigonga kikombe. Vidole vinajua pale mafuta yalipobaki kabla ya macho kujua, viachie viongoze. Utagundua ghafla kwamba kwa vyombo vitatu vilivyopita ulikuwa unagombana kimoyomoyo na mtu wa kazini. Vizuri. Umegundua. Rudi kwenye sahani iliyo mkononi, bila kujisema vibaya.

Kule kurudi ndilo zoezi lenyewe. Anayerudi mara ishirini kwa kuosha vyombo mara moja amefanya kazi kubwa kuliko yule ambaye hakugundua kwamba ameondoka.

Baada ya wiki, hamishia kwenye kazi nyingine: kupanda ngazi, kuoga, kufunga kamba za viatu, kukunja nguo. Usijaribu kuwa mwangalifu siku nzima. Hakuna anayeweza, na kujaribu kunachosha.

Hatua ya sita: sasa kaa kimya

Ukifika hapa unalala vizuri kidogo, unajua kushusha pumzi, na umezoea kugundua akili imetoroka. Sasa kukaa hakutakuwa vita.

Kaa kwenye kiti, nyayo sakafuni, mgongo umenyooka bila kuegemea sana, mikono mapajani. Macho yafumbe, au yateremshe yatazame sakafu hatua mbili mbele. Wengine kufumba kunawatia hofu, na si sharti. Tega kengele ya dakika 5 ili usichungulie saa. Chagua mahali pamoja unapoihisi pumzi: kwenye tundu za pua, au kifuani, au tumboni. Kaa nayo hapo. Safari hii huiongozi, unaisindikiza tu.

Akili itaondoka. Ukiiona imeondoka, itaje ilikokwenda kwa neno moja la upole: "kupanga", "kukumbuka", "kuogopa", "kulaumu". Kisha rudi. Likija jambo zito, usikimbilie kulifikiria. Liulize mwili: liko wapi? Mara nyingi utalikuta kooni, au chini ya kifua, au nyuma ya shingo. Litazame hapo kwa pumzi chache, uone kama lina ukubwa uleule muda wote. Kwa kawaida linabadilika. Linapanda, linahama, linapungua. Ukiona linakuzidi, fungua macho, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, shika kitu kigumu mkononi. Hujashindwa.

Dakika 5 kila siku ni bora kuliko saa nzima ya siku ya mapumziko. Ongeza hadi 10 baada ya wiki mbili au tatu kama unataka. Programu za simu zenye sauti ya kuongoza zinaweza kukusaidia kuanza, ila binafsi nashauri uziache mapema, kwa kuwa chombo kilekile kina arifa, na mkono ukishakishika huwa haukiachi.

Utulivu usiotosha

Mazoezi haya hayabadilishi mshahara, hayamfukuzi mtu anayekupiga, hayamalizi kazi ya watu watatu uliyopewa peke yako. Nakuomba usiyatumie kuvumilia jambo ambalo unapaswa kuliondokea au kulisema. Mtu aliyetulia huona hilo vizuri zaidi, na akishaliona, achukue hatua.

Pia mwili unaweza kuwa na sababu zake. Tezi ya koo inayofanya kazi kupita kiasi, au upungufu wa damu, huleta mapigo ya moyo ya haraka na kutotulia vinavyofanana kabisa na wasiwasi, na vipimo vya damu huvionyesha. Huzuni, hofu au kukosa usingizi vikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, vikakuzuia kufanya kazi au kula, mwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Ukipata mawazo ya kujidhuru, usisubiri kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe, na mwende pamoja hospitalini.

Watu unaoishi nao

Vizuizi vingi havitoki kichwani, vinatoka chumba cha pili. Kwa hiyo usijifiche. Waambie nyumbani kwa maneno ya kawaida unachofanya na kinachukua muda gani: "Nipeni dakika tano, nikitoka ndani niko nanyi." Watoto wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani, hasa wakiona kwamba ukitoka kweli unawasikiliza. Mtoto mdogo asiyeweza kukuacha, mchukue mwende kuutazama ule mti. Yeye atakuonyesha sisimizi ambao wewe usingewaona.

Na kama mnalala chumba kimoja, zungumzeni suala la simu mapema, mchana, si usiku mmoja wenu akiwa tayari ameishika. Kubalianeni saa ya kuziweka, na mahali pamoja pa kuzichajia palipo mbali na kitanda. Kama kuna mtu anayeweza kuwatafuta kwa dharura, wacheni sauti ya mlio wa simu ya mtu huyo tu, nyingine zote mzime.